Sonara Hanunui Bangili

Joka lilikuwa limeshakufa, chai imepoa, na umeme ulikuwa umekatika tangu saa mbili. Tulikuwa watano barazani kwangu Tudor, Mombasa, tumeizunguka meza yenye mishumaa miwili na sahani ya viazi karai. Vilibaki viazi vitatu, na kila mtu alijifanya havioni. Nikasoma kwa sauti ya mpiga mnada kilichokuwamo pangoni: sarafu 700 za shaba, 7,000 za fedha, 2,100 za dhahabu na 100 za platinamu.

Nilitarajia vigelegele. Mwalimu akauliza, "Zina uzito gani?"

Mwalimu mchana hufundisha hesabu sekondari. Jumamosi usiku huwa mchawi mwenye ndevu ndefu, jina lake Profesa. Swali lake lilinipata pabaya kwa sababu mimi ni wakala wa forodha. Riziki yangu ni kugomboa mizigo ya watu bandarini, na kwenye hati ya shehena huwezi kuruka kilo ukaenda moja kwa moja kwenye bei. Wiki nzima nilikuwa nimemwandaa yule joka, pango lake, mpaka harufu ya kiberiti. Uzito haukunipitia kichwani.

Tukafungua kitabu kwa tochi ya simu. Kitabu kinasema sarafu 50 ni ratili moja, ziwe za metali yoyote. Mwalimu akapiga hesabu pembeni mwa karatasi yake: fedha ratili 140, dhahabu 42, shaba 14, platinamu 2. Jumla ratili 198, kama kilo 90. Binamu yangu ndiye mwenye mpiganaji wetu, Jabali. Kwa nguvu zake 16, Jabali anaruhusiwa kubeba ratili 240, lakini deraya yake ya minyororo peke yake ni ratili 55. Alikuwa ameshazidisha, na hatujagusa ngao, upanga wala kamba.

"Iache fedha," Mwalimu akamwambia. "Ratili 140 kwa thamani ya dinari 700. Hiyo platinamu ni ratili mbili tu, na ni dinari 1,000." Dinari ndilo jina tulilozipa sarafu za dhahabu.

Hesabu haikuwa na kasoro. Binamu akakunja mikono. "Mimi siachi pesa chini. Sijawahi, na sitaanza leo kwa sababu ya joka."

Walibishana dakika arubaini. Mwisho waliifukia fedha kando ya kijito, wakaweka mawe matatu kama alama, wakachora ramani na kuapishana. Waliporudi baada ya wiki mbili wakakuta shimo tupu na nyayo ndogo ndogo za goblini. Miezi miwili mizima wakazifuata nyayo zile, kwa sababu ya fedha ambayo Mwalimu mwenyewe alisema haifai kubebwa. Mpaka leo hiyo ndiyo miezi ninayoisimulia mtu akiniuliza mchezo huu una nini.

Kwa asiyeujua: hauna ubao, hauna mshindi, na unaweza kuendelea kwa miaka. Mmoja anausimulia ulimwengu, na kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake. Jambo likiwa na mashaka, dadu la pande ishirini linaamua. Ni paukwa pakawa ambayo wasikilizaji wanaruhusiwa kumkatiza msimulizi na kumharibia. Waliouanzisha ni Wamarekani wawili, Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, na Dave Arneson wa Minnesota, na ulitoka mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons. Kwangu uliletwa na huyo binamu, aliporudi kutoka Kanada na vitabu vitatu vizito vya toleo la tano, lile la 2014, na kifuko cha dadu.

Wazee wale wawili waliipa dhahabu kazi. Katika kanuni zao, kila sarafu ya dhahabu uliyoitoa pangoni ukafika nayo salama ilikupa pointi moja ya uzoefu, na pointi ndizo zinazokupandisha ngazi. Toleo la wanaoanza la mwaka 1981 lilimtaka mpiganaji awe na pointi 2,000 ili afike ngazi ya pili. Goblini mmoja akiuawa alikuwa na pointi 5. Basi chagua: uwamalize 400, au uibe kasha moja la dhahabu mwenyewe akiwa amelala. Watu wakajifunza kunyata, kuhonga, kudanganya na kukimbia. Toleo la pili, mwaka 1989, liliifanya kanuni hiyo iwe ya hiari, na ilipofika kwetu ilikuwa imeshatoweka. Sisi tulipata pointi kwa kuwashinda maadui. Dhahabu ilibaki mifukoni kama noti ya elfu ya zamani baada ya Septemba 2019: unaiona ni pesa, ina picha na kila kitu, lakini hakuna wa kuipokea. Deraya kamili ya chuma ni dinari 1,500. Jabali alipoinunua, hakuna kilichobaki sokoni ambacho mpiganaji angekikodolea macho.

Hilo nilikuwa silioni. Nilichokiona ni watu kuhangaika na mizigo, nikawahurumia.

Kwa huruma hiyo nikawapa mfuko usiojaa. Ni kifaa maarufu cha mchezo huu: unameza ratili 500 za chochote, na wenyewe hauzidi ratili 15 hata ukiujaza. Walishangilia. Kuanzia siku ile hakuna aliyeuliza tena kitu kina uzito gani. Sikujua kwamba nimeliua swali bora kuliko yote yaliyowahi kuulizwa mezani pangu.

Kisha nikawapa ungo.

Kitabu kinasema ufagio wa kuruka. Muuguzi, ambaye mhusika wake ni mwizi anayeitwa Pweza kwa wingi wa mikono yake kwenye mali ya watu, alikataa katakata. "Ufagio wa kufagia. Kwetu watu wanaruka kwa ungo." Tukapiga kura, ukawa ungo. Kitabu kinavigawa vitu vya sihiri katika madaraja matano ya uadimu, na hicho kimewekwa daraja la pili kutoka chini, bei yake baina ya dinari 101 na 500. Kitabu kipya cha 2024 kimeachana na mambo ya baina. Daraja hilo ni dinari 400, basi. Daraja hilo hilo lina kofia ya kupumulia majini na mkuki wa kuwaamuru samaki. Nina ugomvi na jedwali hili. Ungo ulilifuta bonde ambalo nililitilia daraja la kamba lililooza. Ulilifuta pia ukuta wa ngome, na walinzi wake ambao kila mmoja nilimpa jina na deni. Mto uliokuwa uwacheleweshe siku tatu, Pweza aliuvuka mara tano, akimbeba mwenzake mmoja mmoja, huku akiimba. Kwa kitu cha dinari 400 wameipata ramani yangu yote.

Na sarafu zikazidi kuingia. Wamarekani wana jina la utani kwa mwendeshaji wa namna yangu, linalotokana na Monty Hall, yule mtangazaji wa televisheni aliyekuwa akigawa zawadi nyuma ya milango. Mimi nilizigawa bila hata mlango.

Nikaona dawa ni kuwatoa pesa. Nikafungua duka.

Lilikuwa duka zuri, sikatai. Mwenye duka alikuwa kibeti mzee mwenye miwani, mwenye tabia ya kupuliza vumbi kwenye kitu ambacho hakina vumbi. Bei niliziazima kwenye vitabu vya toleo la tatu, lililoanza mwaka 2000, maana huko kuna kanuni ya kumfurahisha mtu wa forodha. Chukua nyongeza ya upanga, izidishe kwa yenyewe, kisha mara 2,000. Upanga wa nyongeza moja ni dinari 2,000, wa mbili ni 8,000, wa tatu ni 18,000, na gharama ndogo ya upanga wenyewe juu yake. Toleo hilo lilikuwa na jedwali la mali anayostahili kuwa nayo mhusika kwa kila ngazi: ngazi ya tano dinari 9,000, ya kumi 49,000, ya ishirini 760,000. Nililisoma kitandani kama mtu anavyosoma riwaya.

Jumamosi tatu mfululizo hatukucheza, ilikuwa soko la Kongowea. Fundi simu, ambaye mhusika wake ni kasisi tunayemwita Padri, alitengeneza jedwali kwenye simu lenye safu za rangi. Mabishano yalikuwa juu ya pete ipi inatoa faida zaidi kwa dinari. Kulikuwa na upanga wa shujaa mmoja aliyefia mlangoni mwa kaburi la mkewe. Kisa chake nilikiandika kurasa nne, na mzimu wake nilikusudia uje kudai upanga usiku wa mvua. Waliuuza kabla sijafika ukurasa wa pili. Hawakuuliza hata jina la mwenyewe.

Toleo la tatu linasema ukiuza, unapewa nusu. Binamu alipouza kitu alichokinunua kwa kibeti yule yule wiki iliyopita, akaruka. "Nusu? Nimekutolea 8,000, unanirudishia 4,000? Mzee, wewe ni mwizi kuliko Pweza!"

Nikafungua mdomo nimjibu kwa sauti ya kibeti, na sauti iliyotoka haikuwa ya kibeti. Nilisema, "Ufundi ulishauvaa."

Hawakuelewa, na sikuwaeleza. Maneno hayo niliyasikia nikiwa darasa la sita. Shangazi yangu alinichukua siku moja twende naye Mji wa Kale kwa sonara, kwa sababu mwanamke mwenye dhahabu hatembei peke yake, na mwanamume pekee aliyekuwapo nyumbani asubuhi ile alikuwa mimi. Karo ya kaka yangu ilikuwa imefika. Dukani alifungua pindo la leso na kutoa bangili sita. Sonara akavaa miwani. Kila moja aliisugua kwenye jiwe jeusi ikaacha mstari mwembamba, akadondosha tone la tindikali juu ya mstari, akasubiri, akaguna. Kisha mizani: ndogo, ndani ya sanduku la kioo ili upepo wa feni usiisumbue. Aliandika tarakimu kwenye kipande cha karatasi na kumsukumia shangazi bila kuitaja bei, kana kwamba kuitaja ni utovu wa adabu.

Shangazi akaitazama karatasi. "Hizi nilizinunua kwako, Bwana. Na ufundi wake ulinitoza."

"Ufundi ulishauvaa, Mama," akasema. Hakuwa mkali. Alisema kama daktari.

Bangili nyembamba kuliko zote, ya mamake shangazi, ilikuwa ya mwisho kupimwa. Aliiondoa na kuirudisha mkononi kabla mizani haijatulia. Aliuza tano. Njiani, tulipokuwa tumeshaipita ngome ya Mji wa Kale, akasema, "Sonara hanunui bangili, mwanangu. Anunua uzito." Halafu akaninunulia maji ya miwa, na habari hiyo hatukuizungumza tena.

Kibeti na duka lake niliwateketeza kwa moto wa joka wa pili. Wachezaji wanasema nilifanya makusudi, na ni kweli.

Badala yake nikaleta dalali. Kitabu kimoja cha nyongeza cha toleo letu, cha mwaka 2017, kinasema anayetaka kununua kitu cha sihiri atumie angalau wiki moja ya kazi na dinari 100 kumtafuta mwenye nacho, na hata hapo dadu litaamua anachokipata, pamoja na matatizo yanayoweza kufuatana nacho. Hilo nililipenda. Dalali wangu hana rafu wala bei. Ukimpelekea kitu hakisugui kwenye jiwe. Anakuuliza nani anakitaka. Kama hujui, atakutafutia kwa ada, na atakayempata huenda ni mtu ambaye ungeomba asikujue. Kwa muda wachezaji walinung'unika. Walikuwa wamezoea kaunta.

Mambo yaligeuka kwenye kijiji cha wavuvi, kwa kitu ambacho hakuna aliyekikumbuka.

Ule mkuki wa kuwaamuru samaki ulikuwa umelala chini ya mfuko usiojaa miezi mitano. Kwenye jedwali la fundi simu ulikuwa na rangi ya kijivu, maana yake takataka ya dinari 400. Unamtawala samaki mmoja kwa wakati, na nguvu zake ni za mara tatu tu kabla ya kuupumzisha. Kwa watu wanaoishi mapangoni, samaki wa nini? Basi wakafika kijijini, nami nikawa nahodha wa kijiji, mzee asiyeangalia bahari akizungumza. Papa mmoja alikuwa akichana nyavu za kijiji tangu kaskazi. Mwezi uliopita alimchukua mtoto wa nahodha.

Nikamwona fundi simu akipekua simu yake. Akapata. "Mzee," akasema kwa sauti ya Padri, "sisi tunao mkuki…" Akaueleza.

Nahodha akauliza ni kiasi gani.

Chini ya meza nilisikia kiatu kikikanyaga kiatu. Alikuwa Mwalimu, anamzuia asiseme mia nne. Kimya kikatanda. Mimi nikakitazama kiganja changu kwa muda, kisha nikasema, "Dinari sina. Nina mashua."

Mashua ya namna ile kitabuni ni dinari 3,000. Wote wanne walijua, kwa sababu waliwahi kuitamani wakati wa lile duka.

Binamu, ambaye marehemu babake alikuwa mvuvi wa Shimoni, ndiye aliyeshindwa kunyamaza. "Sasa, Mzee wangu, mashua ukitupa sisi, wewe utavulia nini?"

"Papa akifa, nitakodi ya kuvulia. Asipokufa, ya nini?"

Sikuwa nimeyaandaa maneno hayo. Yalikuja tu, na baada yake hatukurusha dadu kwa saa nzima. Fundi simu alisema kuichukua mashua ni kumwuzia maji mwenye kiu. Mwalimu akasema bei ni makubaliano ya watu wazima wawili, na nahodha ni mtu mzima. Muuguzi akauliza kama makubaliano ya mtu aliyefiwa mwezi uliopita yanahesabiwa. Binamu hakusema kitu tena. Mwisho waliuchukua mkuki wenyewe, wakamwua papa, wakampa nahodha kichwa chake, wakaingia naye ubia kwenye mashua. Mkuki wakauacha kijijini. Jedwali la fundi simu sijaliona tangu siku hiyo, ingawa nasadiki bado analo.

Kosa langu sasa likawa lingine. Kwa kuwa wana mashua, hazina niliyowapa ikawa bidhaa, na bidhaa ni uwanja wangu. Kitabu cha wachezaji kina bei zake: tangawizi dinari 1 kwa ratili, mdalasini na pilipili manga 2, karafuu 3, zafarani 15. Ratili ya karafuu ni sawa na nguruwe mmoja. Fundi simu, ambaye ukoo wake ni wa Pemba, aliusoma mstari huo mara mbili, akasema anashukuru babu yake hakuwahi kukiona kitabu hiki. Magunia yenye ratili 400 za karafuu ni dinari 1,200. Si nyingi kwao. Lakini magunia hayaingii yote kwenye mfuko ambao tayari umejaa mapembe ya joka, na karafuu zikilowa zinaota ukungu. Pia harufu yake inamwambia kila mtu gatini ulichobeba. Swali la Mwalimu likafufuka lenyewe. Usiku mmoja walikesha kulinda karafuu dhidi ya mvua kwa bidii ambayo hawakuwahi kuionyesha kulinda dhahabu.

Kisha nikaleta ushuru. Si jambo la kubuni: Gygax mwenyewe, katika kitabu chake cha waendeshaji cha mwaka 1979, aliweka sehemu nzima ya ushuru, kodi na tozo, kwa hoja kwamba wachezaji wasibaki na kila wanachokiokota. Ila sidhani alikusudia nilichofanya. Nilichapa fomu. Ilikuwa na nafasi ya maelezo ya bidhaa, uzito, thamani, nchi ilikotoka, na sahihi ya mwagizaji. Niliisambaza mezani nikiwa na furaha ya kweli.

Mwalimu akaisoma, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya glasi yake. "Mimi nakuja hapa kukikimbia kitu kama hiki," akasema.

Fomu sikuirudia. Ushuru uliendelea, ila sasa unatozwa na ofisa mnene anayependa kashata.

Kuna jingine ambalo kijiji kilinifundisha. Walipopata faida ya kwanza, Jabali kwa ukarimu wake alilipa dinari kwa kila kitu: yai dinari, kikombe cha kahawa dinari. Kitabuni kibarua asiye na ujuzi hupata sarafu 2 za fedha kwa siku, kwa hiyo dinari moja ni kazi ya siku tano. Nilitaka kuyaacha yapite. Mwalimu, ambaye shuleni kwao huwekwa pia kwenye historia mwenzake akiumwa, akamtaja Mansa Musa, mfalme wa Mali aliyepitia Kairo mwaka 1324 akielekea Makka na kumwaga dhahabu nyingi. Mwandishi al-Umari, miaka kama kumi na miwili baadaye, aliandika kwamba bei ya dhahabu ilishuka na ilikuwa haijarudi. Nikaenda kutazama vitabu vya zamani, nikakuta Gygax alilijua hilo. Bei za kitabu chake cha mwaka 1978 ni kubwa kwa makusudi: alizifananisha na miji ya Alaska wakati wa mbio za dhahabu, ambako yai liliuzwa dola moja. Mimi kwa miaka miwili nilikuwa nimewapitisha matajiri wanne katika vijiji kumi na tano, na hakuna muuza mayai hata mmoja aliyepandisha bei. Jumamosi iliyofuata walipandisha wote. Kijiji kizima kiliacha kuvua, kikafungua migahawa. Nahodha alikasirika sana.

Mwaka jana muuguzi alipata kazi Uingereza. Jumamosi yake ya mwisho alikuja na mahamri na mbaazi za watu kumi, akasema anataka Pweza astaafu badala ya kufa, kwa hiyo agawe vitu vyake. Alianza na vidogo. Pete ya kuona gizani kwa Padri. Majambia mawili kwa Jabali, ambaye huwa hayatumii. Mfuko usiojaa nao kwa Jabali, "ili usiache pesa chini." Profesa hakupewa kitu, na alikuwa ametulia kabisa, maana kilichobaki ni ungo, na ungo alikuwa ameuomba waziwazi tangu Januari.

"Ungo nampa mkunga," muuguzi akasema.

Ilibidi nipekue daftari. Kweli kulikuwa na mkunga kwenye kijiji kile cha wavuvi. Nilimtaja mara moja, mwaka mmoja kabla, kama mtu anayepita njiani na kikapu. Hakuwa hata na jina.

"Yule wa ng'ambo?" Mwalimu akauliza. "Ungo? Wa nini?"

"Nyumba nyingi ziko upande wa pili wa mto. Mto ukijaa hapati pa kuvukia." Muuguzi alikuwa akimenya ndizi, hakuinua macho. Miaka tisa amefanya kazi wodi ya wazazi. "Mimi nimeshampokea mama aliyesubiri mto ushuke."

Binamu akamsogezea sahani ya mbaazi. Nikaandika kwenye daftari. Daftari langu la hazina lina safu tatu, kitu, bei na mwenyewe, na kwenye safu ya mwenyewe ilinibidi nimtafutie mkunga jina hapo hapo. Muuguzi ndiye aliyemchagulia.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa wanne. Nilikuwa bado naweka mishumaa, kwa tahadhari, Mwalimu akavuta kiti, akafungua karatasi yake, akasafisha koo.

"Huyu mkunga," akasema, "kwa kawaida hulala saa ngapi?"